Sinema ya Ba Kunda

Wiki iliyopita fundi mmoja alinijia na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, akaiwasha juu ya meza ya jikoni ili nione kama itanifaa. Kabla picha haijatokea, harufu ilitangulia: vumbi linalopata moto ndani ya sanduku. Sijui kama mnaikumbuka. Inakaribiana na harufu ya shati lenye unyevu linapopigwa pasi ya makaa. Nilimwambia aizime. Alidhani sijaipenda televisheni yake, akaanza kuisifia kama mshenga. Ukweli ni kwamba nilitafuta kigoda nikakaa, mama mzima mimi.

Kwenye sebule yetu ya Likasi, kusini mwa Kongo, nilipokuwa na miaka kumi hivi, harufu hiyo ilimaanisha kwamba macho matatu ya mashine ya Papa yanapasha moto na baada ya kitambo ukuta utaanza kusema. Papa alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha shaba kule Shituru. Miaka ya tisini ilipoanza, kiwanda kikawa kinakohoa kuliko kufanya kazi, mshahara ukawa habari ya kusimuliana, na wageni waliokuwa na maduka mjini wakaanza kufunga masanduku. Mgiriki mmoja muuza vitambaa alikuwa na projekta nyumbani kwake, ya kutazamia filamu ukutani na marafiki zake. Papa alimpa pikipiki yake, naye akampa projekta. Mama aliposikia kwamba pikipiki imegeuka sanduku jeusi, alikaa siku kadhaa bila kumsemesha Papa, ila kwa kupitia kwangu.

Lilikuwa sanduku refu kama kitanda cha mtoto, zito la kubebwa na wanaume wanne wanaotukanana. Mbele lilikuwa na macho matatu ya kioo, moja jekundu, moja la kijani, moja la bluu. Kila jicho lilitoa picha yake, na picha zote zilikutana ukutani zikawa moja. Zilikutana zikipenda. Ukinunua mashine ya namna ile ikiwa imeshatumika, umenunua mgonjwa wa kuuguza. Ndani ya kila jicho mna maji mazito ya kulipooza, na kwenye jicho la bluu maji hayo yalikuwa yameota ukungu, kama mtungi uliosahauliwa nyuma ya nyumba. Papa aliyamwaga, akasafisha kwa kitambaa cha nepi ya Didi, mdogo wangu, akajaza maji ya rejeta aliyopewa na mafundi wa malori.

Halafu kulikuwa na mistari. Kabla ya kila filamu Papa alibonyeza kitufe, na ukutani ikatokea mistari kama ya daftari la hesabu, kila rangi na mistari yake, zikipishana kama walevi. Kazi ilikuwa kuilaza mistari hiyo mmoja juu ya mwingine mpaka ibaki myeupe. Papa alikaa kwenye mashine akigeuza skrubu ndogondogo, lakini kutoka pale macho yake hayakuona tofauti. Kwa hiyo mimi nilisimama ukutani, pua karibu na chokaa, nikiita rangi kwa Kifaransa, nyekundu rouge na bluu bleu:

“Rouge, panda kidogo! Bleu, kuya kushoto! Tena! Aa, Papa, umepita!”

Niliipenda kazi hiyo kuliko filamu zenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine mjini ambaye baba yake alimtii namna ile.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Papa hakulifanyia mzaha. Umeme wa ndani ya mashine ile haukuwa na adabu ya kuondoka ukiuzima. Ulibaki umejificha, ukimngoja mjinga. Kwa hiyo kila alipofungua kifuniko alitia mkono wa kushoto mfukoni, akafanya kazi kwa mkono wa kulia tu, ili umeme ukimkamata usipate njia ya kupita kifuani kwenda mkono wa pili. “Mukono moya mu mufuko,” alisema, na nyumba nzima ikanyamaza. Hata Didi alikuwa anajua.

Sasa niwaambie jambo la pili, maana bila hilo hamtaelewa lililotupata. Sisi tulikuwa watu wa Kasai. Yaani babu ndiye alikuwa wa Kasai, mkoa mwingine wa mbali. Aliletwa kufanya kazi ya mgodi, akabaki. Papa alizaliwa Likasi, mimi nimezaliwa Likasi, na Kasai niliijua kama mnavyoijua mbingu, kwa kusikia. Lakini mwaka ule wenyeji walituambia kwamba tunatakiwa turudi kwetu. Kwanza yalikuwa maneno ya sokoni, halafu maandishi kwenye milango, halafu vijana wakaanza kupita mtaa kwa mtaa wakiimba. Nyumba fulani walipita tu. Nyumba nyingine waliingia, na wenyewe wakatoka na kile walichoweza kubeba kichwani. Wote walielekea stesheni, gare kama tulivyoiita, wakalala pale chini kungoja treni iliyokuja ikitaka.

Mama alikuwa ameenda stesheni kumpelekea shangazi bukari, ugali wetu, na mboga. Alirudi uso umebadilika. Watoto walikuwa wanaharisha na kukohoa pale kwenye saruji, alisema, na wengine walikuwa wameshafunikwa. Didi alikuwa na kifua kibaya tangu kuzaliwa. Usiku ule nilisikia Mama akisema kwa Kiswahili, si kwa lugha yao ya siri ya Kasai, na nadhani alisahau kwamba tunasikia:

“Nikimupeleka Didi ku gare, sitarudisha mutoto. Tafuta njia ingine, Papa Ngalula. Yoyote.”

Ngalula ndiye mimi.

Njia ilikuja na Ba Kunda. Huyu alikuwa mwenyeji wa upande wa Kapolowe, mtu mfupi mwenye kofia ya pamba hata jua likiwaka, aliyetuletea mitaani unga na makaa kwa lori lake. Papa aliwahi kumtengenezea dinamo ya lori hilo. Alikuja mchana mmoja, akakaa sebuleni, akaitazama projekta, halafu akasema anaitaka. Alitaka kufungua sinema kwao, watu wauze mahindi yao waje wajiburudishe. Hakuwa na cha kutupa kilichokuwa na maana siku zile, ila lori. Jumamosi atakuja aione, na kama inatoa picha nzuri atatupakia sisi wote pamoja nayo, na keshoye atatufikisha Lubumbashi kwa dada wa Mama, ambako mambo yalikuwa bado yamepoa.

“Lakini lazima nione picha,” alisema akiwa mlangoni, kwa sauti kubwa, mpaka jirani wakasikia. “Siwezi kubeba kintu ya bure.”

Mnaelewa basi. Nafasi yetu ya kutopita stesheni ilikuwa ndani ya macho matatu ya kioo.

Papa alikesha nayo siku zote zilizobaki. Ijumaa jioni mistari ilikuwa imelala sawasawa, myeupe kama uzi, na nilimsikia akipiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu nyimbo za barabarani zianze. Jumamosi asubuhi alitoka kutafuta kamba za kufungia mizigo. Alipokuwa hayupo, wakaja mama wa maombi.

Mama alisali kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa letu, na kiongozi wao alikuwa Mama Régine, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kwetu kitu hakiendi safari bila kuombewa na kupakwa mafuta. Cherehani, sufuria mpya, mtihani wa mtoto, vyote. Nimewahi kuona baiskeli ikipakwa mafuta ya upako mpaka breki zikakataa kazi. Basi walituombea sisi, wakatupaka kwenye paji la uso, wakapaka mlango, masanduku, godoro. Halafu Mama Régine akaiona projekta. Aliambiwa kwamba ndiyo inayotuokoa. Alifunga macho, akainua chupa, na juu ya sanduku lile, kwenye matundu marefu ya kupumulia joto, akamimina kama mtu anayekaanga samaki. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sala. Niliyafumbua kwa sauti ya mafuta yakidondoka ndani.

Papa aliingia na kamba begani wakati wanasema amina.

“Mumefanya nini?”

“Tumeipakaa mafuta, Papa Ngalula,” Mama Régine alijibu kwa upole wote wa dunia. “Mu kila tundu. Shetani akose pa kupitia.”

“Na courant, mama? Umeme nayo itapita wapi?”

Hakupaza sauti. Aliketi chini sakafuni na kamba zake, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Mama wa maombi waliaga harakaharaka. Mama akabaki amesimama katikati ya sebule, Didi mgongoni, akimtazama Papa kama mtu anayengoja hukumu.

“Tukiiwasha hivi inashika moto,” Papa alisema. “Lazima nifungue, nipanguse yote. Na maji hapana. Inatakiwa alcool.”

Duka la dawa lilikuwa limevunjwa siku nyingi. Pombe kali pekee iliyokuwa karibu ilikuwa lutuku, ile gongo ya mahindi, iliyopikwa na mwanamke mmoja nyuma ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yangu alikuwa haipiti njia ya nyumba hiyo bila kuziba pua na kukemea pepo. Papa alinyanyuka ili aende. Mama akamzuia: mwanaume wa Kasai asionekane njiani leo. Alinikabidhi Didi, akatoka mwenyewe.

Nilisimama nyuma ya pazia nimembeba Didi aliyekuwa akikohoa, nikisikia nyimbo zikitoka upande wa soko. Hazikuwa mbali. Mama alichelewa. Papa alishika bisibisi mkononi bila kuitumia, akiigeuza tu, akiigeuza. Mwishowe mlango wa nyuma ulifunguka na Mama akaingia na kitu mgongoni, amekifunga kwa kikwembe, kitenge chake, kama mtoto. Alipofungua kikwembe, ikatoka chupa ya lutuku, ndefu, imejaa. Alikuwa ameipitisha mbele ya vijana akiibembeleza. Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na Mama akanitandika kofi, halafu na yeye akacheka machozi yakimtoka, na Papa akasema tunyamaze sasa, anafungua.

Mkono mmoja mfukoni. Alifunga waya kwenye bisibisi, upande mwingine akaufunga kwenye bomba la maji ili umeme uliojificha ukimbilie ardhini, akaingiza ncha polepole chini ya kofia ya mpira ya jicho la kwanza. Tak! Cheche ya bluu. Jicho la pili, tak. La tatu. Halafu akaanza kupangusa kwa nepi iliyolowa lutuku, kona kwa kona, na sebule ya walokole ikanuka kama kilabu. Mama alimshikia tochi, midomo ikisali bila sauti. Nyimbo za nje zilikuja, zikapita barabara ya pili, zikarudi. Papa hakuinua kichwa hata mara moja.

Lori la Ba Kunda lilisimama mbele ya mlango saa tisa za alasiri, kifuniko kikiwa ndiyo kwanza kimerudishwa. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa mablanketi. Ba Kunda aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Papa akawasha.

Harufu ikaja, safari hii ya vumbi, mafuta na gongo pamoja. Moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye matundu. Nilisimama ukutani. Mistari ikatokea. Kijani kilikuwa kizima. Bluu ilikuwa na ukungu pembeni, kama jicho la mzee. Na nyekundu ilikuwa imehama kabisa, iko juu, imepinda.

“Rouge, shuka!” niliita. “Shuka tena! Papa, shuka!”

“Imefika mwisho,” Papa alijibu. “Sema juu ya bleu.”

“Bleu iko na moshi.”

Akaweka kanda ya video kwenye deki. Watu wakatokea ukutani, kila mmoja na kivuli chekundu juu ya kichwa, kama waliokuwa wakitokwa na roho zao. Nyimbo sasa zilikuwa kwenye mtaa wetu. Nilisikia mlango wa bati ukipigwa mahali fulani.

“Iko bien,” Ba Kunda alisema. “Tupakie.”

“Ngoya, Ba Kunda,” Papa alisema, na nilitaka kumziba mdomo. “Rouge haiingie pa nafasi yake. Nipe kidogo tu. Siwezi kukupatia kintu ya namna hii.”

“Kabeya,” Ba Kunda alimwita Papa kwa jina lake. “Nimesema iko bien.”

“Haiko bien! Angalia vichwa!”

“Papa Ngalula!” Mama alilia. “Muntu amesema iko bien!”

Ba Kunda alisimama, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake, akawaita wapakizi wa lori lake. Ndani ya dakika chache tulikuwa juu ya lori, mashine katikati, sisi pembeni yake, magunia matupu juu yetu, na nyumba niliyozaliwa ikibaki na mlango wazi.

Mwisho wa mji walikuwa wameweka magogo barabarani. Vijana, fimbo, na wawili watatu wenye mapanga. Mmoja wao, mrefu, alipanda akafunua magunia.

“Ba Kunda, uko nabeba ba Kasai?”

“Niko nabeba mashini yangu,” Ba Kunda alijibu, tena kwa hasira, kama mtu anayecheleweshwa kazini. “Sinema. Nimeinunua. Angalia.”

“Na hawa?”

“Technicien yake. Bila yee haiwake. Unajua weye kuiwasha? Haya, shuka nayo, iwashe.”

Kijana aliyatazama macho matatu ya kioo, akanitazama mimi. “Na huyu mutoto?”

“Huyu njo macho. Baba anageuza, mutoto anaangalia ukuta. Umuulize.”

Kijana aliniambia niseme. Nilimwangalia Papa, naye alikuwa anaangalia miguu yake, mikono yote miwili magotini, wazi ili waione.

“Niko naangalia mistari, ma-ligne,” nilisema. “Rouge, vert, bleu. Kama rouge inakimbia, ninaita: rouge, shuka.”

“Na kama haishuke?”

“Ninaita tena.”

Mmoja chini alicheka. Yule mrefu hakucheka. Alimwonyesha Mama na Didi kwa fimbo. “Na bibi?”

“Technicien atakula nini?” Ba Kunda alisema. “Majiwe? Nikifungua sinema, kuyeni muone. Mutaingia bure.”

Kijana alikaa juu pale kwa muda, akigonga kioo cha jicho jekundu kwa ukucha. Halafu akaruka chini, na magogo yakavutwa. Mama alijikunja juu ya Didi na hakunyanyuka mpaka tulipofika.

Kwa Ba Kunda kulikuwa ndani kabisa, nje ya barabara ya Kapolowe, na tuliingia jua halijazama. Tulishushwa mbele ya nyumba ya matofali yenye ghala la mahindi. Papa aliizunguka nyumba ile yote akiangalia juu. Hakukuwa na nguzo, hakukuwa na waya. Aliuliza kama kuna jenereta. Hakukuwa na jenereta. Ba Kunda aliwasha taa ya mafuta, akaitundika mlangoni.

“Sasa courant iko wapi, Ba Kunda?”

“Itakuya,” alisema, akaenda kunawa.

Keshoye alitupeleka Lubumbashi kama alivyoahidi, na mashine ikabaki ghalani. Didi yuko hai, ana watoto na kitambi. Nyumbani kwetu hadithi hiyo iligeuka mzaha usioisha. Mtu akinunua kitu asichoweza kukitumia, viatu vya kubana, tiketi ya safari asiyokwenda, tulisema amenunua sinema ya Ba Kunda. Mimi ndiye niliyeanzisha msemo huo na nilijivunia. Tulimwona mshamba mwenye moyo, aliyedanganyika na picha yenye vichwa vilivyohama. Papa hakucheka nasi. Nilidhani ni kwa sababu anaionea aibu ile rangi nyekundu.

Ba Kunda alipofariki, mimi nikiwa tayari na watoto wangu, Papa aliomba nimsindikize kilioni. Mjane wake alitukaribisha ndani, na kwenye kona ya sebule, chini ya kitambaa cha kufumwa, ilikuwepo projekta, haina vumbi hata chembe. Alisema vijana wale hawakusahau. Walikuja, na walirudi tena, kuuliza sinema inafunguliwa lini, na siku moja walimshika Ba Kunda shati na kumuuliza alikoficha watu wake. Kila mara aliwaonyesha mashine na kuwaambia technicien amekwenda mjini kutafuta kipuri, anamngoja. Miaka ile mwenyeji aliyemhurumia mtu wa Kasai hadharani alihesabiwa msaliti, na nyumba yake iliweza kuchomwa. Lakini mtu aliyenunua mashine na kuhitaji fundi wake, huyo alikuwa mfanyabiashara tu.

Nilimuuliza, kwa sababu bado sikutaka kuelewa, kama mzee alisikitika kwamba hakuwahi kutazama filamu kwa mashine yake.

“Filamu?” Mjane alishangaa. “Ba Kunda? Hakupenda hata moya. Zilikuwa zinamuuma kichwa.”

Nikamkumbuka kwenye kile kiti. Sisi watatu tulikuwa tumekodolea macho ukuta, tukipigania mstari mwekundu, na yeye alikuwa amekaa upande, uso mlangoni, akisikiliza mtaa. Sidhani kama aliiona picha. Papa alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa namna alivyoinamisha nikajua kwamba yeye alifahamu tangu kwenye yale magogo ya barabarani.

Nililia pale mbele ya watu nisiowajua, kwa sauti, bila haya. Wanawake walinisogelea wakanishika mabega, wakadhani mimi ni binti wa marehemu aliyechelewa kufika. Sikuwasahihisha.